Unywele Kwenye Krimu

Nywele za Bonge zilianza kutoka wakati ule ule watu walipokuwa hawaishi kumsifu. Umependeza jamani! Umekuwa msichana! Na huyo msichana kila asubuhi alikuwa amepiga magoti bafuni, anazoa rundo jeusi kwenye tundu la maji na kulifunga kwenye karatasi ya chooni kabla watoto hawajaamka. Akichana, zinakuja. Asipochana, anazikuta kwenye mto. Ukimwambia mtu amependeza halafu yeye akakimbilia chooni kulia, ujue kuna jambo.

Kiwandani, kwenye mikate na keki, jina la Bonge alipewa na wenzake zamani, na mwili ulipoondoka jina halikuondoka. Walimwongezea tu, wakamwita Bonge Mstaafu. Alicheka nao. Kazi yake ilikuwa kupamba keki, yeye na wifi yake, dada wa mumewe, katika chumba kidogo chenye meza ndefu ya bati na taa kali. Wifi ndiye aliyemwombea kazi pale. Huyo wao walimwita Singa, kwa ajili ya nywele zake. Nywele! Zilimfika kiunoni, alizilea tangu usichana, na ili kofia ya kazi iingie ilibidi azizungushe kichwani mara kadhaa.

Sasa ukweli wenyewe ni huu: Bonge alikuwa amekatwa tumbo. Sukari ilimwandama, magoti yalimgomea, daktari akaondoa sehemu kubwa ya tumbo ili asiweze kula sana. Mumewe peke yake alijua. Wengine wote waliambiwa anakwenda kutolewa mawe ya nyongo.

Na kilichomfanya afiche si aibu tu. Ni wifi. Mwaka mzima wifi alikuwa akimgongea mlango alfajiri, anamburuta barabarani kutembea, anamsemesha njia nzima ili asisikie uchovu. Kilo zilipoanza kuporomoka, wifi aliota mbawa. Alimshika Bonge mkono mbele za watu na kumzungusha. "Huyu mnayemwona ni kazi ya mikono yangu! Mimi na huyu tumetembea mpaka viatu vimelia!" Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ni kisu? Bonge alisema atamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wimbo.

Daktari alikuwa amemwonya kuhusu nywele. Mwili umeshtuka, alisema, utaacha nywele kwanza uhangaike na mengine, baadaye zitaota. Ale mayai, samaki, maharage, ameze vidonge. Kusema rahisi! Yai moja tu lilikuwa linamshinda, akilazimisha linarudi. Akampigia simu nesi.

"Dada, zitaota. Vumilia, na usiache protini."

"Nitailaje hiyo protini na tumbo la kifaranga?"

Nesi akacheka, cheko la upole tu, lakini Bonge alikata simu akalia kama amefiwa. Alipaka maji ya vitunguu. Alipaka mafuta ya kila aina. Kichwa kikanuka jiko na nywele zikaendelea na safari yao. Juu ya sikio la kushoto palibaki upara unaong'aa, mbele pakarudi nyuma, na zilizosalia zilikuwa ndefu na nyembamba, za kuonea huruma. Akaanza kufunga kilemba, kwanza siku moja moja, kisha hakukivua tena mbele ya mtu.

Hapo ndipo mteja aliporudi na kipande cha keki ndani ya tishu. Unywele mrefu mweusi ulikuwa umelala kwenye krimu. Bosi aliomba radhi mpaka akatoa jasho kwenye upara wake. Haikupita muda akaja mteja mwingine, na tishu yake. Bosi akaingia chumba cha keki akafunga mlango.

"Unywele wa tatu sitaki kuuona. Ukija, mtu ataondoka na hapa hatarudi."

Alisema mtu, lakini macho yalikuwa kwa wifi. Nani angemshuku Bonge, aliyejifunga kichwa kama kifurushi?

Bonge mwenyewe alijua. Tangu nyama zimtoke alikuwa anasikia baridi kila saa, hata karibu na matanuri, kwa hiyo chini ya aproni alivaa sweta la sufu. Alipofika nyumbani jioni ile alilivua akalishika dirishani kwenye mwanga. Mungu wangu! Nywele zilikuwa zimejishikiza mikononi mwa sweta, zile zilizomwangukia asubuhi akifunga kilemba. Alikuwa akizibeba mwenyewe mpaka juu ya keki za watu.

Alikaa kitandani akalipakata lile sweta. Aseme? Akisema nywele ni zake, ataulizwa zinatokaje. Akieleza zinatokaje, wifi atajua alichezewa mwaka mzima. Asiposema, wifi anafukuzwa kazi. Aligeuza huku, akageuza kule, kote moto. Akajipa moyo kwamba ataliacha sweta nyumbani, unywele wa tatu hautakuja, na jambo litajifia lenyewe. Mtu akibanwa hujidanganya hata kwa sauti, na yeye alijiambia kwa sauti: litajifia.

Jumapili mchana wifi akaja na mkasi.

"Nikate."

"Wifi, hapana!"

"Hapana ya nini? Bosi ananiangalia kama mwizi. Nikifukuzwa nitakula nywele? Kata, nisije nikaghairi."

Alijikalisha kwenye kiti cha uani, akajifunga taulo shingoni, akazifungua. Zilishuka mpaka zikagusa kiti. Bonge alisimama nyuma yake na mkasi mkononi, na neno lilikuwa pale pale mdomoni. Zangu. Si zako, ni zangu. Neno fupi tu. Akakata.

Fungu la kwanza lilipoanguka, Bonge alishindwa, machozi yakamtoka mpaka wifi akasikia kwikwi.

"We! Nywele zangu mimi, kilio chako wewe?" Wifi alinyoosha mkono nyuma akampapasa. "Una roho nzuri sana, wifi yangu. Kata tu."

Na roho nzuri hiyo ikaendelea kukata.

"Ufupi huu unatosha?" Bonge aliuliza alipofika shingoni.

"Punguza. Asipate hata wa kushika."

Akapunguza mpaka kichwa kikabaki na kivuli tu. Wifi akajipapasa, akacheka, akasema sasa shampuu itadumu mwaka. Kisha akaenda bafuni, na Bonge alisikia bomba likimwaga maji muda mrefu kuliko kunawa uso.

Oda ya keki ya harusi ya ghorofa tatu ilikuja katikati ya wiki. Bonge hakuvaa sweta. Aliipitishia aproni karatasi ya gundi, mbele na nyuma, inase kila unywele, akaingia kazini anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Walifanya kazi vizuri mpaka wakamaliza, na dereva alikuwa ameshaleta gari uani. Wifi akashika taa aikague keki kwa mara ya mwisho.

"Wifi," akasema, taratibu.

Ulikuwa ghorofa ya kati. Mrefu, mweusi, umejikunja kwenye krimu nyeupe. Mkono wa wifi ulipanda kichwani wenyewe, kwa mazoea, ukapapasa, haukukuta kitu.

"Au wa bosi?" alisema, na tabasamu likaanza kumjia. Halafu macho yake yakapanda polepole kwenye kilemba cha Bonge, na tabasamu likafa.

Bonge akakifungua.

Wifi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Aliona upara juu ya sikio, akaona nyuzi zilizobaki, na kabla Bonge hajasema lolote alikuwa amemkumbatia kwa nguvu na kulia begani kwake. "Unaumwa! Unaumwa na hukuniambia! Ndiyo maana umekonda hivi, mjinga mimi nasema ni kutembea! Tutakwenda hospitali, nitakaa na wewe, hutakuwa peke yako, unasikia?"

Kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia tu, mambo yote yangefunikwa, angelelewa na kusamehewa kabla ya kuomba. Bonge alilitaka hilo kwa roho yake yote. Lakini joto la mikono ile lilimchoma.

"Siumwi, wifi. Nilikatwa tumbo. Haikuwa nyongo, nilikatwa tumbo nipungue. Nywele ndiyo zinatoka hivi, daktari aliniambia. Na zile za mwanzo... zote zangu."

Mikono ikalegea, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Na kule kutembea?"

"Kulinisaidia, wifi, kweli tena..."

"Kaka yangu anajua?"

"Anajua."

Wifi alifuta pua kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Jumapili ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ukaniuliza kama ufupi ule unatosha."

Wifi akachukua kibano, akautoa ule unywele, akalainisha krimu kwa kisu bapa mpaka alama ikapotea. "Funga kilemba chako," alisema. "Bosi anakuja."

Bosi aliizunguka keki mara mbili, pua nusura iguse krimu. "Safi! Unaona, Singa? Kumbe kweli zilikuwa zako. Ungezikata mapema tusingesumbuana."

Wifi alimtazama Bonge, akamngoja. Hakumkazia macho, alimngoja tu, na Bonge akafungua mdomo.

"Dereva aende polepole," akasema. "Krimu bado laini."

Bosi akaitikia, akaita vijana wa gari wabebe. Wifi akavua kofia.

"Bosi, kuanzia kesho naomba unipeleke kwenye mikate."

"Kwenye moto ule? Na wifi yako atasaidiwa na nani?"

"Wifi yangu mambo yake anayaweza. Tena kimya kimya."

"Kweli, huyu mama ni mtulivu," bosi akasema, akatoka kuwafuata wabeba keki.

"Bosi!" Bonge aliita, lakini gari lilikuwa limeshawashwa na sauti yake ikamezwa. Akaita tena, akaanza kukimbilia mlangoni, kilemba kikimlegea.

"Mwache," wifi alisema. Alikuwa anajifungua aproni, amempa mgongo. "Ukimwambia sasa, zangu zitarudi?"