Nungunungu Aliyenyolewa

Siku kionjo cha filamu kilipotoka, Mwalimu alikuwa jikoni anamenya viazi. Wifi yake akaingia bila hodi, simu mkononi, uso kama wa mtu aliyeleta habari za msiba.

"Wifi, wamemnyoa."

"Nani tena?"

"Nungunungu wetu! Wamemnyoa kama bwana harusi. Tazama, miiba imelazwa kwa mafuta."

Mwalimu alifuta mikono, akatazama. Ni kweli. Wawili hawa walikuwa wamekisoma kile kitabu, *Ufalme wa Chini ya Ngazi*, tangu wakikaa dawati moja shuleni, zamani kabla Mwalimu hajaolewa na kaka wa mwenzake. Kitabuni, Nungunungu ni kizee mwenye kununa, ananuka viatu vilivyolowa maji, na anawaongoza watoto gizani huku akiwalalamikia njia nzima. Kwenye simu ya wifi alikuwa kijana mtanashati mwenye koti la buluu na meno meupe pe.

Wifi alikuwa mfamasia. Dukani kwake ni mtu mpole, anaweza kumweleza mgonjwa mmoja jambo lilelile mara tatu na asikunje uso. Lakini ukigusa kitabu kile, umemgusa mboni ya jicho. Jioni ile, kwenye kundi lao la simu la wapenzi wa kitabu, aliandika ujumbe mrefu hata wengine wakadhani amebandika kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Mwalimu naye hakubaki nyuma. Aliandika: "Atakayemwekea sauti mnyama huyo, koo limkauke."

Wiki iliyofuata akapigiwa simu.

Mpigaji alikuwa baba wa mtoto mmoja wa darasa lake la chekechea, na kazi yake ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni. "Mwanangu anasema ukisoma hadithi unakuwa bata, unakuwa simba, unakuwa mpaka mlango unaolia," alisema. "Ninatafuta nungunungu."

Mwalimu alichungulia mlangoni kama wifi yupo. Kisha akauliza, "Lini?"

Kwa mumewe alijitetea. "Ninakwenda kumlinda kutoka ndani."

"Kumlinda, au una hamu?"

"Yote mawili. Ila usimwambie dada yako."

"Nimwambie nife?" alijibu mume. "Mimi bado nina watoto wa kulea."

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote. Feni ilizimwa kwa sababu kipaza sauti kinaisikia, kwa hiyo Mwalimu alitoka jasho kama anayepika kwa kuni. Mwongozaji wa studio, wenzake walimwita Sekunde, kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine. Mwalimu alipomwambia kwamba Nungunungu hacheki hivyo, alijibu, "Anacheka sekunde mbili." Alipomwambia kwamba Nungunungu hawezi kumwita yule binti anayemwongoza gizani "rafiki yangu", humwita "wewe mzigo", Sekunde alipima midomo kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Inaingia. Mwite mzigo." Mwalimu akaona ameshinda vita.

Kisha wakafika pale mahali. Binti amesimama kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, anaogopa kuingia gizani, na Nungunungu anamwambia maneno ambayo kila msomaji anayajua kwa moyo: "Giza halina meno, mtoto wangu. Lina tumbo tu, na tumbo lenyewe limejaa nyota."

Kwenye karatasi ya Sekunde paliandikwa: "Usiogope."

"Hapana," alisema Mwalimu. "Hapo nitakufa kabla sijasema."

"Sema basi hayo yako tuone."

Akayasema, kwa sauti ya kizee, mpaka vinyweleo vya mikono vikamsimama mwenyewe. Sekunde akarudisha picha. Mnyama alifumbua mdomo, akaufumba, akageuka akaenda zake, na maneno yakabaki yanaelea nyuma yake.

"Mdomo umefungwa na wewe bado unahubiri," alisema Sekunde. "Watu watadhani anaongea kwa tumbo."

Walijaribu haraka, ikasikika kama mnada wa mitumba. Walijaribu polepole, Nungunungu akawa ameshafika mbali. Mwisho Mwalimu akavua visikilizio, akanywa maji, akachukua kalamu na kukata kwa mkono wake mwenyewe. Likabaki: "Giza halina meno." Likaingia sawasawa, kama mguu kwenye kiatu chake. Alirudi nyumbani bila kutaka kuzungumza na mtu.

Filamu ilipofika, wifi alinunua tiketi mbili. "Tukaone uharibifu kwa macho yetu," alisema. Mwalimu alisingizia kichwa, akapewa vidonge. Hakuwa na njia.

Ukumbini taa zilizimwa. Nungunungu akatokea chini ya ngazi, akakohoa, akasema neno lake la kwanza. Wifi akageuka taratibu, kama mlango mzito.

"Wewe."

"Shh."

"Ni wewe!"

"Wifi, tutatolewa."

Basi wifi akatulia, mikono kifuani. Alipoitwa yule binti mzigo, alicheka kwa nguvu, akajiziba mdomo. Kisha likaja lile neno. Giza halina meno. Wifi akasubiri. Mnyama akafumba mdomo, akaenda zake.

"Na tumbo?" wifi aliuliza kwa sauti kubwa, kama anayeita mgonjwa dukani. "Nyota ziko wapi?"

"Mama, tunaomba utulivu," alisema mtu wa nyuma.

Lakini mwishoni, Nungunungu alipobaki peke yake akiwaita watoto waliokwisha panda ngazi, Mwalimu alisikia mwenzake anavuta kamasi. Sehemu ile alikuwa ameirekodi jioni, koo limekauka kabisa, na Sekunde alikataa kuirudia.

Nje, wifi alitangulia. "Siongei na wewe," alisema, kisha akaongea njia nzima. Ngazi haikupakwa rangi yake. Malkia ni mdogo mno. Koti lile ni aibu ya ukoo. "Na nyota umezikata wewe. Wewe, wa damu yangu!"

"Mdomo ulikuwa mfupi, wifi."

"Ungewaambia wamrefushie." Akapunguza mwendo. "Lakini kile kikohozi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikisikia nikisoma. Umekitoa wapi?"

"Kwa kaka yako, asubuhi."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta wa duka la watu. Alipopata pumzi aliuliza, "Kitabu cha pili watakitengeneza?"

"Wanasema hivyo."

"Mungu apishe mbali," alisema wifi, akamshika Mwalimu mkono wavuke barabara. "Wakikuita, waambie mapema kuhusu mto wa vioo. Wakiuharibu ule mto, mimi na wewe hatujuani."