Bunduki Isiyopiga Kelele

Pu.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu ametema kokwa ya zambarau. Kikafuata kimya, na baada ya kimya ukaja mvumo mpana wa mabawa yakihama kutoka suke moja kwenda jingine, bila haraka yoyote. Kulipopambazuka vya kutosha, Damiano akaona alichofanya: kwelea mmoja amelala chini ya dungu la miti alilokalia, na wenzake wote wanaendelea kula.

Akaikunja bunduki ya upepo juu ya goti. Springi ikalia. Siku hizi hata yeye alilia kidogo kila alipoikunja, kwa sauti ya ndani, maana mgongo ulioumizwa na marobota ya mkonge haukuipenda kazi hiyo. Akatia kidonge cha risasi, akaunyoosha mtutu, akalenga. Pu. Akadondoka mwingine. Aliyekuwa naye kwenye suke alisogea tu, kama mtu anayempisha mgeni mkekani, kisha akainamia tena mtama.

Shamba lilikuwa la kijiji kizima, kutoka njia ya Mvumi hadi kwenye matete ya mtoni. Watu walihamishiwa hapa mwaka uliopita, na mashamba yao ya zamani yalikuwa yameshageuka pori. Mtama huu ndio waliokuwa nao. Punje zilikuwa bado laini, zina maziwa, na kwelea walilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Bunduki aliachiwa na meneja wa shamba la mkonge, siku meneja alipofunga masanduku yake kurudi kwao. Ilikuwa imefanya mengi bunduki hiyo. Iliangusha njiwa wa supu ya wagonjwa, ikawatoa popo darini kanisani, ikawapunguza panya ghalani na kuwapa tumbili adabu. Kijiji kilipoanza, mgambo waliitumia kujifunza shabaha: mmoja akilenga kibuyu, wengine wamesimama mstarini na fimbo mabegani wakingoja zamu. Watoto walipokutana na Damiano njiani walimwita Bwana Bunduki, naye aliitika.

Ndiyo maana mkutanoni Mwenyekiti Melkizedek alimnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu, kijiji hiki kina bunduki! Ya nini basi wanawake na wazee kukaa madunguni wakipiga madebe, na shule yetu haina ukuta hata mmoja? Hao waamiaji wote waje kwenye matofali. Ndugu Damiano atakaa dunguni na bunduki yake. Mmoja anatosha."

Watu walipiga makofi. Damiano alijua. Bunduki ya upepo haina mshindo, na ndege hakimbii kifo cha mwenzake, anakimbia kelele. Alifungua mdomo aseme. Lakini lile neno, *atakaa*, lilikuwa limemwingia mgongoni kama mafuta ya moto. Miaka yote ya mkonge hakuna aliyewahi kumwambia akae. Akaufunga mdomo.

Sasa jua lilikuwa limetoka, na upande wa matete mtama ulianza kusimama wima, mwepesi, kwa kukosa uzito wa punje.

Bi Siwema alipita chini ya dungu na ndoo ya maji kichwani, akitoka mtoni kwenda kwenye tanuri la matofali. Magoti yake yalikuwa yamefungwa vitambaa.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba, Bwana Bunduki. Umeua wangapi leo?"

"Hao hapo chini."

"Nawaona. Naona na ukoo mzima umekuja mazikoni, na wote wanapewa chakula."

Alitua ndoo. Akavuta suke moja, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Makapi yakaruka yote. Kiganja kikabaki kitupu, naye akakinyoosha juu ili Damiano akione vizuri.

Kabla ya matofali, dungu hili lilikuwa lake. Alikuwa na debe lililotobolewa, kombeo, na koo ambalo vijana walisema lingeweza kusimamisha garimoshi kule stesheni ya Munisagara. Asubuhi zote alikuwa akiimba:

*Kwelea, ruka kwelea,*
*hapa hakuna karamu,*
*mtama tumeulea*
*kwa jembe, jasho na damu.*

"Wajukuu zangu watakula nini?" aliuliza. "Supu ya kwelea?"

Damiano akaufunika mkebe wake wa vidonge.

"Nikuulize, mwanangu. Ulijua kwamba kitu hicho hakifukuzi ndege?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Mgongo, mama."

"Eh." Bi Siwema aliinama, akaishika ndoo, akaipandisha kichwani kwa hatua tatu za maumivu: goti, kifua, kichwa. "Mimi sina mgongo?"

Akaenda zake. Maji yalimwagika kidogo begani, naye hakuyafuta.

Damiano alikaa. Alikunja bunduki mara moja tena, akaangalia lile tundu jeusi la mtutu, kisha akaunyoosha bila kulenga chochote. Alipoteremka dunguni, alishuka kinyumenyume kama mtoto mdogo, akipapasa kila gogo kwa unyayo.

Kwenye matofali, Mwenyekiti alikuwa na udongo hadi viwikoni. Hakuwa mtu wa kuamuru akiwa kivulini. Wanaume waliokuwa wakikanyaga tope walimwona Damiano, wakaanza.

"Bwana Bunduki! Ndege wamekupa likizo?"

"Ameishiwa risasi huyo, amekuja kuomba kokoto!"

Melkizedek hakucheka. "Ndugu Damiano, shamba umemwachia nani?"

"Kwelea, Ndugu Mwenyekiti. Nimewaachia wenyewe, maana hata nikiwepo ni lao."

"Una bunduki!"

"Tazama kuku wale."

Kando ya tanuri palikuwa na kuku wakichakura nyasi kavu. Damiano akaelekeza mtutu ardhini, karibu nao. Pu. Vumbi kidogo likaruka. Kuku mmoja aliinua shingo, akaona hapana neno, akaendelea kuchakura. Kisha Damiano akalipiga teke debe tupu lililokuwa miguuni pake. Kuku wote wakatawanyika, wengine wakapaa hadi juu ya matofali mabichi.

Vicheko vilikoma.

"Nimeshawaambia wa wilaya," Melkizedek alisema polepole. "Nimekwenda Kilosa kwa miguu yangu, nikawaambia mtama wetu unalindwa kwa bunduki. Hata bwana nyama, yule mlinzi wa wanyamapori kule Mikumi, nilimwomba aje na bunduki yake kubwa. Akaniambia kwelea si tembo." Alijifuta uso kwa mkono, udongo ukambakia shavuni. "Ungeniambia siku ile."

"Ilinipasa nikuambie."

"Basi waamiaji warudi. Wote. Lakini na shule nayo nimeshaiahidi kwa watoto, na maji ya matofali hayajibebi. Bi Siwema akipanda dungu, nani atashika ndoo yake?"

Mtu mmoja alitoa mguu topeni, ukanyonywa kwa sauti, akaurudisha.

"Mimi," alisema Damiano.

"Kwa mgongo huo?"

"Ndio niliopewa."

Alirudi shambani kuchukua mkebe wake wa vidonge. Kupanda dungu kulimchukua muda mrefu kuliko kushuka. Juu, akaitundika bunduki kwenye nguzo kwa ukanda wake, ikaning'inia pale, nyembamba. Ng'ambo ya mtama, kwenye kingo za mto, akamwona Bi Siwema akiinama kuchota. Kutoka pale alionekana mdogo kama suke lililovunjika.

Damiano hakuwa mtu wa kupaza sauti. Vumbi la mkonge lilikuwa limemwachia koo kavu, na nyumbani kwake hapakuwa na wa kuitwa. Akashika nguzo.

"Bi Siwemaaa!"

Mtama ukatikisika. Kutoka chini ya dungu lake, kutoka masuke ya karibu, kwelea wakanyanyuka kwa pamoja kama kitambaa cheusi kinachokung'utwa, wakazunguka angani wakitafuta pa kutua. Damiano aliwatazama mdomo wazi. Kule mtoni kikongwe alitua ndoo, akaweka kiganja sikioni.

"Wasemaaaje?"

Akavuta pumzi hadi kule chini kunakouma.

"Kesho panda wewe, mama! Ndoo nitabeba mimi!"