Mama Amepita

Mwanamume wa pampu alipulizia dawa magurudumu yote manne ya gari la Noah, akazunguka nyuma, akaliona jeneza kupitia kioo. Akasimama. Bomba likawa linadondosha klorini juu ya kiatu chake.

"Na hii pia?"

"Hiyo ni mama," akasema Protais kutoka kwenye usukani.

Yule bwana akafikiri kidogo, kisha akapulizia na mlango wa nyuma. Kazi ni kazi. Protais akasogeza gari mpaka chini ya kibanda cha Rwanda, mwisho wa daraja, akazima injini. Nyuma yao Wakongomani walikuwa wameshashusha kizuizi chao. Mbele, kizuizi cha Rwanda kilikuwa hakijainuliwa.

Mama mwenyewe, Mukabaranga, alikuwa amekwenda Bukavu, upande wa Kongo, kumwona mjukuu, wiki moja tu, na kimfuko kimoja cha nguo. Corona ikaja, mpaka ukafungwa. Kila asubuhi alisimama barazani kwa Protais na kuuangalia mlima wa Mururu ng'ambo ya mto. "Nyumba yangu ile pale," alikuwa akisema. "Munirudishe kwangu." Na kweli ilionekana, bati na migomba yake. Lakini kurudi akiwa hai kulitaka kipimo, halafu karantini hotelini kwa pesa yako mwenyewe, na Protais alikuwa dereva wa taksi katika mji ambao watu walikatazwa kutembea. Akamwambia, ngoja kidogo, mama, mambo yatalegea. Presha haikungoja. Na kurudi akiwa maiti, jamani, kulitaka mihuri tu! Mihuri ilipatikana kwa siku mbili. Protais aling'oa viti vya nyuma vya Noah kwa mikono yake mwenyewe, analia na spana mkononi.

Dadake mdogo, Benitha, aliyekwama Bukavu pamoja na mama, alishuka na karatasi zote akazipitisha chini ya kioo. Afisa aliyekuwa ndani, mwanamke kijana aliyevaa barakoa mbili, alikuwa ameandikwa jina kifuani: Umutesi. Alisoma pole pole.

"Marehemu karatasi zake ziko sawa. Benitha, sawa." Akaweka kitambulisho cha Protais kando ya cheti chake cha kipimo. "Kitambulisho kinasema Sibomana Protais. Kipimo kinasema Bashige Protais. Huyu Bashige ni nani?"

"Ni mimi, chef," akasema Protais, ambaye naye alikuwa ameshuka; kwao kila mwenye sare huitwa chef.

"Na Sibomana?"

"Ni mimi pia."

Wala hakuwa anadanganya. Alizaliwa Bukavu, ukimbizini, na baba yake alimpa jina la Kishi, la wenyeji wa huko, ili shuleni wamwache asome kwa amani. Jina hilo ndilo lililoingia kwenye kadi yake ya mpiga kura ya Kongo. Familia iliporudi Rwanda akaandikishwa kwa jina la ukoo, Sibomana. Kadi moja mfuko huu, kadi nyingine mfuko ule. Nusu ya mtaa wao waliishi hivyo, wakivuka daraja asubuhi na kurudi jioni, na hakuna aliyeumia. Siku ya kipimo, foleni ya wageni ilikuwa imezunguka jengo, na mgeni alilipishwa kwa dola. Foleni ya wenyeji ilikuwa fupi. Mama yuko mochwari. Wewe ungefanyaje? Protais alichomoa kadi ya Kongo. Benitha, ambaye hakuwa na kadi hiyo, alisimama kwenye foleni ndefu tangu alfajiri, na kaka yake akamcheka.

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Corona haijui majina, chef," akasema Benitha. "Pua ni ile ile moja."

"Mimi ninajua majina. Ndiyo kazi yangu." Hakusema kwa ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Sibomana ni Mnyarwanda, anaruhusiwa kurudi, lakini hana kipimo. Bashige ana kipimo, lakini ni Mkongomani. Wakongomani hawaingii."

"Nipime hapa hapa. Pua hii."

"Hapa hatupimi watu. Tunapulizia magari."

"Tunaenda kuzika mama, tu," akasema Protais. "Mimi njo mutoto wake mukubwa. Nikizika narudi. Hata kuingia nyumbani siingii."

Simu ya Benitha ikalia. Alikuwa mama yao mdogo, Maman Laurence, huko Mururu. Kaburi lilikuwa tayari, kando ya la baba, lakini kiongozi wa mtaa alisimama pale na saa mkononi: ikipita saa sita anatawanya watu. Laurence alikuwa anapiga kelele hata Umutesi akasikia kila neno nyuma ya kioo.

Umutesi akashusha macho. Halafu akatoa shauri, na alilitoa kwa moyo mzuri, hilo tuseme ukweli.

"Malori yanafika hapa, dereva wa upande mmoja anashuka, wa upande wa pili anapanda. Mzigo unapita, mtu anabaki. Gari lenu linaweza kupita hivyo. Ninaye dereva."

Protais alimtazama. "Mama yangu ni mzigo?"

"Papa, ninakusaidia. Saa tano imepita."

Dereva aliitwa Rukundo, mtu wa malori ya simenti, na vumbi lake bado lilikuwa kwenye nyusi. Akafungua mlango wa kushoto, akakuta hakuna usukani, maana Noah lilikuwa la usukani wa kulia kama magari mengi ya Bukavu. Akazunguka, amejaa haya.

Protais hakujua la kumwambia mtu anayempelekea mama yake kaburini. Akamwambia habari za gari.

"Gia ya pili inakwama, usiilazimishe. Kwenye kona za Mururu usikanyage breki ghafla. Jeneza litateleza."

"Nitamwendesha pole pole, muzee. Kama mama yangu."

Benitha alikuwa bado amesimama nje. "Siendi bila weye, yaya, kaka yangu. Niende niwaambie nini?"

"Uwaambie niko darajani. Panda, Benitha. Panda! Ukichelewa batafukia shimo tupu."

Akapanda. Kizuizi kikainuka. Protais alilifuata gari hatua chache, mkono kwenye kioo cha nyuma, mpaka askari akamwekea mkono kifuani. Noah likapanda kilima, gia ya pili ikasaga vibaya, Protais akafumba macho. Alipoyafumbua halikuonekana tena. Akalia kama mtoto, barakoa ikajaa machozi na kamasi, na hakuwa na nyingine.

Basi, arudi Bukavu, angalau mkewe amshike mkono. Akavuka daraja kwa miguu. Kwenye kizuizi cha Kongo alisimama afisa Ushindi, yule yule aliyemgongea muhuri wa kutoka asubuhi ile.

"Unatoka wapi?"

"Weye Ushindi! Umenigongea muhuri mwenyewe! Natoka hapo!"

"Unatoka upande wa Rwanda. Leta kipimo cha Rwanda."

"Sijaingia Rwanda. Wamenikataa."

"Lakini Kongo umetoka," akasema Ushindi, na hilo pia lilikuwa kweli. "Mwenye kusaini mambo kama yako ameenda kula. Akirudi tutaona. Usisimame hapa, papa, unaziba njia."

Protais akarudi katikati ya daraja. Chini maji ya mto Ruzizi yalikuwa yanakwenda zake. Simu ikatetemeka.

"Yaya, tumefika," akasema Benitha. "Banauliza mutoto wa kiume yuko wapi. Naweka simu juu ya jeneza. Sema naye. Harakisha, huyu bwana anaangalia saa."

Protais akavua kofia. "Mama," akasema. "Mama, ni mimi. Nilikwambia ungoje..."

Lori likapiga honi nyuma yake, ndefu, isiyo na adabu. Kutoka upande wa Rwanda Umutesi akatoka kibandani akipunga mkono. "Papa! Toka barabarani!"

"Nitoke niende wapi, chef?"

Akamwuliza kweli, akingoja jibu. Umutesi akaangalia kizuizi cha Kongo, kisha chake mwenyewe. Protais akaketi chini, pale pale kwenye lami, miguu ameikunja, simu sikioni. Honi zikawa mbili, tatu. Yeye akaendelea kumwambia mama yake mambo aliyokuwa nayo, moja moja, na huko Mururu udongo ukaanza kugonga ubao.

Umutesi alimjia na kalamu. Alisubiri mpaka simu ikakatika.

"Lazima niandike ripoti, kwamba kuna mtu amekaa darajani. Niandike jina gani, Sibomana au Bashige?"

Protais akainua uso.

"Andika mtoto wa Mukabaranga," akasema. "Yule mumemuacha apite."