Agostino Aliyeungua

Mimi ndiye bawabu wa jengo letu hapa mtaa wa Sanità, Napoli, na kila mwaka, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe nane Desemba, naandaa chini ya ngazi pango la Noeli, mji mdogo wa sanamu unaomzunguka mtoto Yesu. Wengine hununua wachungaji dukani. Mimi natengeneza wapangaji wenyewe kwa udongo wa plastiki, watu wa urefu wa kidole, kisha nawaoka kwenye oveni yangu na kuwapaka rangi. Nani asimame wapi ni kazi yangu, na asiyependa ahame.

Mwezi Novemba alinijia Agostino wa ghorofa ya tatu, mgane, dereva mstaafu wa tramu. Akafunga mlango nyuma yake.

"Dada Nunziata, mwaka huu niweke karibu na Olimpia."

Olimpia wa ghorofa ya pili, naye mjane, aliuza samaki sokoni miaka thelathini. Pangoni kwangu anasimama kwenye meza yake ya samaki.

"Karibu kiasi gani?"

"Kiasi cha mteja."

"Mteja wa samaki, au wa muuza samaki?"

Masikio yake yakawa mekundu. Miaka minne anampenda, na wakipishana ngazini hata salamu inamshinda. "Akiniona nimesimama pale, ataelewa," alisema. "Akinipita kama hajaniona, basi nitaelewa mimi."

Tangu siku hiyo sikupumua. Kila asubuhi yuko mlangoni.

"Punguza pua."

"Nikipunguza, atakujuaje?"

"Basi ongeza nywele."

Nikamwongezea tatu, za sadaka. Mikono akataka iwe mifukoni, aonekane mtu asiye na wasiwasi.

Siku moja kabla ya sikukuu nilimtia ndani ya oveni, moto mdogo, nikaenda kufagia ngazi. Akaingia dada yangu Rafilina na sinia lake la roccocò, zile biskuti za lozi zinazovunja meno. Desemba hapa kwetu oveni haipoi, na hakuna anayechungulia ndani. Kila mwanamke wa jengo anakuja kwangu, anasukuma sinia lake na kuongeza moto. Rafilina akasukuma, akaongeza.

Harufu ilinikuta ghorofa ya pili. Nilishuka mbio.

"Rafilina! Umeniulia mtu!"

"Mtu gani? Nimeona kitu kimejikunja huko chini, nikadhani soseji yako ya jana!"

Tulifungua madirisha yote. Biskuti zilijaa moshi wa plastiki, tukazitupa, na Rafilina akazililia kuliko alivyomlilia marehemu mumewe. Agostino wangu wa udongo alikuwa wa rangi ya kahawa, pua imefura malengelenge, mkono wa kulia umebanduka mfukoni na kunyooka mbele. Udongo ulikuwa umeniishia, na duka limeshafungwa.

Nilipanda ghorofa ya tatu kumpa habari Agostino mwenyewe. Akasema, "Niweke nyuma ya kile kinu cha pangoni. Mimi kesho sishuki." Nilimhurumia mpaka nikakosa la kumtania, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa.

Kesho yake baada ya misa jengo zima lilishuka. Olimpia aliinama na koti lake la manyoya, akawatazama wapangaji mmoja mmoja.

"Agostino yuko wapi?"

Nikajifanya nanyoosha nyota ya pango.

Hapa kwetu hakuna anayegusa pango ila aliyeliandaa, hata watoto wanajua. Olimpia alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akaangusha kondoo wawili na mke wa wakili, akamvuta Agostino kutoka nyuma ya kinu. Akamgeuza huku na huku. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Juu yetu nilisikia kandambili zikisimama. Kumbe Agostino mwenyewe alikuwa ameshuka hadi kwenye kona ya ngazi, na sasa alikuwa anarudi zake. Moyo uliniuma, nikatamani kumziba Olimpia mdomo.

Olimpia akamsimamisha yule wa udongo mbele ya meza ya samaki, mkono ukimwelekea Olimpia wa udongo.

"Niacheni nicheke," alisema akifuta machozi. "Miaka minne namngoja huyu anyooshe mkono. Kumbe alihitaji moto tu!"

Akainua uso kuelekea ngazini.

"Na wewe wa huko juu, shuka! Mwenzio ameshakutangulia."

Agostino alishuka mbio, kandambili moja akaiacha ngazini.