Minazi Saba ya Sidi

Jumapili ile tulipanga kuzunguka mangwe tatu, vilabu vya mnazi, tuanzie Ganda tukielekea bara, tuonje mnazi wa kila mgema na kubishana nani anaijua kazi. Tulikuwa watatu, wote wa darasa la jioni: Joram mwenye tuktuk, Damaris msusi, na mimi na mwanangu Lewa mgongoni, miezi saba. Kwa kuwa nanyonyesha, kazi yangu ilikuwa kunusa, kulamba tone moja na kutoa hukumu. Mangwe ya mwisho ingekuwa kwa Sidi, mwenzetu wa nne darasani.

Sidi ni mjane. Mumewe alimwachia minazi saba na watoto wawili. Mgema aliyemkodi alitishwa akakimbia, na tangu mwezi wa tatu Sidi alikuwa akipanda mwenyewe, kwa siri, maana kwao mwanamke hapandi mnazi. Shemeji yake, mtu aitwaye Ngowa, alikuwa akisubiri sababu tu ya kuichukua ile minazi. Alishaapa kwamba akimkuta mwanamke juu ya mti wa ndugu yake atamshusha kwa panga. Hayo Sidi alitueleza sisi watatu tu.

Mangwe ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mnene aliyeitwa Baba Pola. Alionja kwanza mbele yetu, kama ada, akapangusa mdomo, akatukabidhi kibuyu. Joram akasema mnazi huu umeoga maji. Wanywaji wakacheka. Baba Pola akanigeukia mimi, akasema nanusa kama askari, hebu nimwambie ni wapi nimepata mzuri kuliko wake.

Hapo ndipo nilipokosea. Mangweni watu hushindanisha wagema, na mimi nilitaka rafiki yangu ashinde.

"Kuna mtu huko mbele," nikasema, "wako haufiki hata kwenye mguu wa wake. Na anagema kwa mkono wake mwenyewe, na ni mwanamke."

Wote wakacheka ila Baba Pola.

"Mwanamke gani huyo, mwanangu?"

"Sidi," nikasema. Damaris alinikanyaga mguu, lakini jina lilikuwa limeshatoka.

Baba Pola aliingia nyuma ya kibanda, tukadhani amefuata kibuyu kingine. Tukasikia bodaboda ikiondoka. Mnywaji mmoja akaniuliza kwa upole kama ninajua nimesema nini, maana Baba Pola ndiye Ngowa, na huyo Sidi ni mke wa marehemu mdogo wake.

Joram aliendesha kama mwendawazimu. Tuktuk ilizama mchangani mara mbili, tukashuka tukasukuma, mimi nikilia, Lewa naye akilia kwa kuniona.

Tulipofika, Sidi alikuwa juu, karibu na makuti, kotama, kisu cha kugemea, mkononi. Ngowa alikuwa chini akilikata shina kwa panga, vibanzi vikiruka. Alikuwa akimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Joram akamrukia kwa nyuma. Ngowa aligeuka mara moja tu, na mkono wa Joram ukafunguka kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, nyama nyeupe kwanza, kisha damu. Akampiga teke la tumbo, Joram akaanguka akitapika.

Kisha Ngowa akalishika panga kwa meno, akaanza kupanda. Kwa unene wake sikudhani ataweza, lakini alikuwa mgema tangu utoto. Sidi hakuwa na pa kwenda. Ngowa alipofika chini ya nyayo zake, alilitoa panga akamkata kisigino. Sidi alipiga ukelele mmoja. Damu ilishuka kwenye shina, ikamwagika usoni mwa Ngowa, naye akainua panga tena.

Sidi akainama akashusha kotama. Vidole viwili vya Ngowa vilidondoka mchangani kabla ya mwenyewe.

Alianguka kimo cha nyumba. Nilidhani amekufa. Akainuka kwa magoti, akipapasa panga kwa mkono uliobaki mzima, huku akimwangalia Damaris aliyekuwa karibu naye.

Nilifungua leso, nikamweka Lewa chini kwenye jamvi. Mchi ulikuwa kwenye kinu mlangoni. Nilimpiga begani, panga likamtoka. Nilimpiga goti, nikausikia mfupa. Nikauinua mara ya tatu, na safari hii nilikuwa nakitazama kichwa chake.

"Mama Lewa," Damaris akasema. "Basi. Mtoto anakuona."

Mchi ulikuwa bado juu. Nilitaka. Sitasema uongo kwamba sikutaka. Nikautupa mchi mchangani.

Tuktuk ilikuwa moja na majeruhi watatu. Sidi alishuka kwa mikono, kisigino kimechanika, akamtazama shemeji yake aliyekuwa akiomba maji. Akasema naye apakiwe. Joram aliendesha kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kwa leso yangu. Njiani, mguu wa Sidi ukiwa mapajani pangu, nilimwambia ni mimi niliyemtaja. Alifumba macho. Akayafumbua hospitalini Malindi.

Ngowa yuko wodini, askari mlangoni. Ukoo umekaa mara mbili na haujaamua minazi ibaki kwa nani. Wanachosubiri wanakijua: karara linalotoa mnazi lisipochongwa kila siku hukauka, na Sidi hatakanyaga kwa mwezi mzima. Minazi ikikauka watasema imemshinda.

Jumanne Sidi alinipigia simu. "Wewe ulinitaja," akasema. "Basi njoo upande."

Jioni hiyo Damaris alipanda minazi mitatu, akashuka magoti yote yamechubuka. Wa nne ukawa wangu. Sidi alikaa chini kwenye kiti, mguu umefungwa, Lewa mapajani mwake akivuta ushanga. Wanaume wanne walisimama njiani wakitazama, hakuna aliyecheka. Nilishika shina, nikatia mguu kwenye kidato cha kwanza, pale lilipochongwa pa kukanyaga.

"Usikumbatie, mama," Sidi akasema. "Jiachie kidogo. Kidato cha pili hicho, hapo kushoto."

Nikakipata.