Mguu Haujagusa Chini

Klabu yetu ya baiskeli haina ofisi wala bendera. Ina Jumamosi, ina jezi za njano zinazotubana matumbo, na ina sheria moja ambayo wanaume watatu waliitunga wakinywa bia kabla mimi sijajiunga. Njia ya Jumamosi ikitakiwa kufutwa, mwanachama yeyote anaweza kuitetea. Anapanda mlima mkali kuliko yote wa njia hiyo, kutoka chini mpaka juu, bila mguu wake kugusa ardhi na bila kusukumwa na mtu. Akifika, njia inabaki na mwenye kulalamika anafunga mdomo. Mguu ukigusa, basi.

Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kutumika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mpumbavu kiasi cha kutaka kuifuta njia yetu ya Jumamosi, ile inayopanda mlima Sletten. Mpaka alipokuja Lowell Stenerud.

Lowell ni daktari wa meno na ndiye mwenyekiti wetu. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi. Asubuhi ile ya Juni tulikuwa mbele ya duka la mikate mjini Tollefton kama kawaida, kahawa mikononi, naye akapanda ngazi za mawe akakohoa.

"Jamani, kuanzia mwezi ujao Jumamosi zetu tutapita ile njia ya zamani ya reli iliyogeuzwa ya baiskeli. Ni tambarare, ina kivuli, na magari hayapiti. Tumefikiria usalama wa wenzetu waliokula chumvi nyingi kidogo."

Watu wote wakaanza kukagua matairi yao. Katika klabu nzima aliyekula chumvi nyingi kuliko wote ni mimi, Ardys Bakkum, miaka sitini na minane, dereva mstaafu wa basi la shule. Na mwezi Januari walinifungua kifua wakanibadilishia vali ya moyo.

"Mwenzetu gani huyo?" nikauliza. "Mtaje jina tumpe pole."

"Ardys, tafadhali, usianze."

"Mimi sijaanza. Umeanza wewe, tena umepanda na ngazi kabisa."

Mume wangu, Orrin, alikuwa ameegemea pikapu yetu. Yeye haendeshi baiskeli. Hutufuata nyuma polepole, amebeba maji, ndizi na sandwichi, akimwokota aliyeishiwa nguvu. Nilimtazama nikingoja anisemee japo neno moja. Akainamia kikombe chake cha kahawa kana kwamba kuna kitu kimedumbukia humo.

"Haya," nikasema. "Naitetea njia. Leo hii hii."

"Ardys, una mshono kifuani!"

"Daktari wa moyo ameniruhusu. Wewe kaa na meno yako."

Niliwaka kweli, wala sioni haya kusema. Mabonde yetu yamekunjana kama shuka lililolaliwa, na barabara zake zilitiwa lami ili lori la maziwa lifike kwenye kila zizi la ng'ombe hata mvua ikinyesha. Nusu ya maisha yangu nimezipita nikiwa na basi limejaa kelele za watoto, najua kila kona na kila mbwa. Kwenye njia ya reli unaona miti kushoto, miti kulia, na makalio ya aliye mbele yako. Mimi naiona kuwa ni mahali pa kumzoesha mtu kufa.

Tukaondoka. Tuliufuata mto Kickapoo unavyojipinda, tukakwepa mavi ya farasi nyuma ya kigari cha Waamishi, wale Wakristo wasiotumia magari, tukapita mji mdogo wa Rockney ambako maduka ya matofali bado yana mistari ukutani kuonyesha mafuriko yalifika wapi. Kwa kawaida Rockney tunasimama kula jibini. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kupendekeza. Mimi nikawa mbele njia nzima, nikikata upepo kwa ajili ya watu waliotaka kunistaafisha.

Sletten huanzia darajani. Kwa Kinorwe, lugha ya wahamiaji wa kwanza wa mabonde haya, neno lenyewe maana yake ni tambarare. Lilikuwa jina la familia iliyolima kule juu, na nadhani walioupa mlima jina hilo walikuwa wanatucheka. Unapanda katikati ya mahindi, unapinda, unapanda tena, halafu kwenye kibanda cha zamani cha kukaushia tumbaku barabara inasimama wima. Kona hiyo imewashusha wanaume wenye mapaja makubwa kuliko kiuno changu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Ilinipasa niweke gia nyepesi mapema, lakini Lowell alikuwa ubavuni kwangu, na nilitaka aone ninavyopanda na gia nzito nikiwa mtu wa vali mpya. Kiburi tu. Nilipofika kwenye kibanda miguu ikagoma. Nikabonyeza gia, cheni ikanguruma, ikakwama. Gurudumu likasimama.

Viatu vyetu hunasa kwenye pedali. Kuvichomoa unapindisha kisigino nje kabla baiskeli haijasimama. Ukichelewa, unaanguka ubavu mzima huku umeikumbatia baiskeli, na hakuna mmoja wetu ambaye hajawahi kuanguka hivyo mbele za watu. Mimi sikuchelewa. Nafasi ya kuchomoa nilikuwa nayo. Nilifikiri: nikichomoa, mguu utagusa. Nikaacha nianguke.

Nikatua mtaroni, kwenye majani. Mlango wa pikapu ukabamizwa, Orrin akaja mbio, uso umempauka. Lowell aliitupa baiskeli yake ya bei mbaya barabarani.

"Mtu asiniguse mguu!" nikapiga kelele. "Ole wake!"

"Umeumia wapi?" Orrin akauliza.

"Sijaumia. Rudi nyuma!"

"Pole, Ardys," Lowell akasema. "Umejitahidi sana. Lakini imekwisha, umeanguka."

"Sheria inasema nini kuhusu kuanguka?"

Akageuka kuwatazama wenzake.

"Sheria inasema mguu usiguse chini. Haya, tazama. Miguu yangu iko wapi?"

Wakainama wote. Viatu vyangu viwili vilikuwa bado vimenasa kwenye pedali. "Kilichogusa chini ni nyonga, kiwiko na sikio," nikasema. "Mguu haujagusa."

Nyuma kuna mtu aliyeangua kicheko akakimeza. Lowell akachuchumaa, akavikagua viatu kwa makini, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, kama anayetafuta jino lililooza.

"Haujagusa," akakiri. Kisha akashusha sauti. "Lakini Ardys, jambo hili halikuwa wazo langu." Akamtazama Orrin.

Orrin akavua kofia yake. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Nilipoanguka sikuumia. Hapo niliumia.

"Kila Jumamosi nakufuata nyuma," akasema. "Nauona mgongo wako tu. Ukiyumba kidogo, nasema leo ndiyo leo. Nakanyaga breki nikitetemeka. Siwezi tena, Ardys."

"Tunalala kitanda kimoja, halafu unakwenda kumwambia daktari wa meno?"

"Ningekwambia wewe ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Si ndiyo sababu ya kuniambia?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia, na huruma ile ikanizidishia hasira, maana ni vigumu kumkaripia mtu anayekupenda ukiwa umelala mtaroni na nyasi sikioni.

"Niinueni," nikasema. "Mimi na baiskeli yangu, kama tulivyo."

Wakatuinua mzimamzima. Gurudumu la nyuma likiwa hewani nikazungusha pedali, cheni ikateleza mpaka kwenye gia nyepesi. Wakatuweka barabarani kwa mshazari. Lowell alishika usukani, akauachia, akarudi kando. Orrin alibaki ameshika kiti.

"Usinisukume," nikamwambia. "Nikisema achia, unaachia."

"Sawa."

"Achia."

Hakuachia. Alizidi kukikaza kiti kwa vidole.

"Ukianguka tena je?"

"Nitaanguka."

"Na moyo ukisimama?"

"Ukisimama usimame nikiwa Sletten. Orrin, mimi sijafa. Unanishika kama jeneza. Achia!"

Akaachia.

Baiskeli iliyumba kushoto nikadhani naurudia mtaro. Nikakanyaga. Nikakata barabara kwa mshazari, nikageuka ukingoni, nikaikata tena, mwendo wa konokono, mate yakinitoka bila adabu. Nyuma sikusikia pikapu ikiwashwa wala mtu akinishangilia, na nilishukuru, kwa sababu sikutaka kuonewa huruma wala kupigiwa makofi. Nilitaka kufika tu. Kibanda kikapita. Mahindi yakaisha. Ghafla barabara ikalala, na upepo wa juu ukanipiga usoni.

Hapo ndipo nilipochomoa kiatu na kuikanyaga lami kwa nguvu zangu zote.

Lowell alifika akihema. "Njia inabaki," akasema kabla hajashuka.

"Najua."

Orrin alichelewa sana. Kumbe pikapu aliiacha kule kwenye kona akapanda kwa miguu, na mabuti yake ya shambani. Alikuja ameshika kiuno, shati limelowa chapa, akasimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameupanda Sletten bila injini.

"Jumamosi ijayo usinifuate," nikamwambia. "Tangulia na pikapu, uningoje hapa juu. Acha kutazama mgongo wangu. Nataka uuone uso wangu nikija."

Akavuta pumzi. "Na ukianguka kule chini nisikuone?"

"Wataniinua," nikasema, nikimwonyesha Lowell na wenzake kwa kidevu. "Leo si wamejifunza?"