Kijiko Kwenye Msumari wa Tatu

Sahani zilianza kurudi dirishani zikiwa zimejaa. Ya kwanza ililetwa na fundi wa mitambo, yule mwenye mdomo usiokauka maneno, akaisukuma taratibu juu ya ubao wa kupokelea.

"Sindano," alisema, "leo umetupikia maharage au umetuchemshia bahari?"

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Kisha wa pili akarudisha sahani, na wa tatu, na kicheko kikaisha. Mtu aliyebeba katoni za sabuni tangu alfajiri hana mzaha mrefu na chakula chake.

Sindano alisimama na upawa mkononi. Hilo ndilo jina alilopewa na kantini nzima ya kiwanda, na mwanzoni lilimpendeza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa jiko, mwepesi wa mikono, na kamba za aproni yake zilimzunguka kiuno mara tatu kabla ya kufungwa.

Bi Mwiko, mpishi mkuu, alitoka stoo akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mnene, mtu mzima, mwenye magoti yaliyolalamika kabla yake kila alipopanda ngazi. Alichota maharage kwa upawa, akamimina kidogo kwenye kijiko chake, akaonja, akakunja uso mpaka macho yakapotea.

"Mimi nilitia chumvi asubuhi," alisema. "Nikakwambia uonje kwanza, kama haijakolea ndipo uongeze."

"Nilionja."

"Ukaona haijakolea?"

"Ndiyo."

Bi Mwiko aliweka upawa chini. Alitazama ukutani. Katika jiko lile kila mpishi alikuwa na kijiko chake cha kuonjea, kimetundikwa kwenye msumari wake. Chakula kilitolewa sufuriani kwa upawa, kikamiminwa kwenye kijiko, na kijiko ndicho kilichofika mdomoni, ili mate ya mtu mmoja yasiingie katika chakula cha wengi. Msumari wa kwanza ulikuwa wa Bi Mwiko, wa pili wa mpishi wa zamu nyingine, wa tatu wa Sindano. Bi Mwiko alikishusha kijiko cha msumari wa tatu, akapitisha kidole ndani yake. Kidole kilitoka na utando mweusi wa moshi na mafuta ya miezi mingi.

Alimwonyesha. Kisha akakirudisha mahali pake.

Msimamizi aliingia na kuuliza nani kaharibu chakula.

"Mimi," alisema Bi Mwiko. "Uzee huu. Mtu anatia chumvi, anasahau, anatia tena. Nipe nusu saa."

Waligawa maharage katika masufuria matatu, wakaongeza maji na viazi visivyotiwa kitu. Watu walikula wakiwa wamechelewa.

Walipomaliza kuosha vyombo, Bi Mwiko alivua aproni. "Leo nakusindikiza kwenu."

"Kwetu mbali, Bi Mwiko. Na magoti yako hayo?"

"Magoti ni yangu. Twende."

Mama yake Sindano alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kazi iliyomlea binti huyo tangu akiwa mgongoni. Aliondoa rundo la mashati kwenye kiti pekee kizuri, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu dada, keti. Kuna kitu mtoto ameharibu?"

"Hakuna. Nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Huyu jioni anakula nini hapa?"

Mama alicheka. "Jioni? Hali kitu. Anarudi ameshiba, anasema mpishi hushibia kwenye kuonja. Asubuhi nayo anawahi, anasema chai anakunywa huko. Namshukuru Mungu, kazi inamlisha mwanangu."

"Kule jikoni kwetu," alisema Bi Mwiko polepole, "anasema amekula kwa mama."

Pasi ilibaki hewani. Mama aliisimamisha kwa kitako, akamtazama binti yake kuanzia miguuni kwenda juu, bila haraka, kama anavyokagua nguo ya mtu kabla ya kuikunja.

"Tangu lini?"

Sindano alitaka kusema wiki mbili. "Sijui," alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza la kweli siku ile.

Ilikuwa imeanza kwa kuacha chakula cha jioni, na watu wakamsifu. Baadaye sifa zilikoma, watu wakaanza kumuuliza kama anaumwa, lakini kufikia hapo hakujua tena njia ya kurudi. Hakuchukia chakula. Alipenda harufu ya vitunguu vinapoanza kubadilika rangi. Alipenda kuwatazama watu wakila. Kilichomtisha ni kijiko kikigeuka kumwelekea yeye.

"Hufukuzwi," Bi Mwiko alimwambia akiwa mlangoni. "Ukitaka kurudi kuosha vyombo, rudi hata kesho. Lakini moto simkabidhi mtu asiyeonja. Siku utakayoweza kuonja, jiko ni lako."

Kwenye zahanati, muuguzi aliwaambia mama na binti kwamba huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una jina na una tiba, ila hauna haraka. "Njaa yako imesimama kama saa iliyoishiwa betri," alisema. "Kwa sasa usiisikilize. Fuata saa ya ukutani." Aliandika nyakati za kula kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akamtaka arudi kila wiki. Kila wiki alimpima uzito, Sindano akiwa ameipa mizani mgongo, asione kilichoandikwa.

Wiki zile hazikwenda sawa. Kulikuwa na siku sahani iliisha bila neno. Kulikuwa na siku uji ulipoa, ukatanda ngozi, na mama akaupasha moto mara tatu bila kuugeuza ugomvi. Asubuhi moja mama alikuta kipande cha mkate kwenye mfuko wa koti la mteja. Alikitoa, akakitazama, akakiweka mezani.

"Sawa," alisema. "Koti limeshakula. Sasa zamu yako."

Sindano alicheka mpaka akalia. Mama alikata kipande kingine, akakaa naye.

Alirudi kazini siku ya Jumatatu, baada ya wiki saba. Sufuria kubwa la maharage lilikuwa tayari motoni. Bi Mwiko alikuwa ameketi juu ya kreti, na beseni la vitunguu mapajani.

"Sijatia chumvi," alisema. "Na mimi leo sionji. Nina mafua."

Hakuwa na mafua. Alijizungusha na kreti lake mpaka akaliangalia dirisha, akampa Sindano mgongo, akaendelea kumenya.

Saa ya ukutani ilionyesha tano na nusu. Sindano alishusha kijiko kutoka msumari wa tatu. Mtu alikuwa amekisugua kikang'aa. Alitia chumvi, akakoroga, akachota kwa upawa, akamimina kwenye kijiko. Kilikuwa na maharage manne na mchuzi kidogo. Aliyahesabu, hakuweza kujizuia. Akakipeleka mdomoni, akageuka upesi kwenye sinki, akatema. Maji ya bomba yalisikika jiko zima.

"Vitunguu vya leo vikali," alisema Bi Mwiko akivuta pumzi kwa pua, bila kugeuka.

Sindano alifunga bomba. Akachota tena. Safari hii alifumba macho, akameza, na akabaki amesimama pale akisikiliza kama kuna kitu kitaanguka. Mvuke ulipanda. Kisu cha Bi Mwiko kilikwenda kikirudi.

"Chumvi bado," Sindano alisema.

"Wewe ndiye unayejua."

Aliongeza. Akaonja mara ya tatu.

Saa sita foleni ilifika dirishani. Fundi wa mitambo alipokea sahani yake, akasimama hapo hapo, akala kijiko kimoja huku wenzake wakimsukuma kwa nyuma.

"Tuondokee, wewe! Unakagua chakula au unakila?"

Hakuwajali. Alitafuna akitazama juu, kisha akainamisha kichwa dirishani.

"Mpishi," alisema, na jina lile la zamani hakulitaja. "Chumvi imekaa." Akaondoka.

Saa saba kamili, kama karatasi ilivyosema, Sindano alipakua sahani yake mwenyewe, akavuta kreti jingine karibu na la Bi Mwiko. Bi Mwiko alikuwa ameshusha soksi ya mguu mmoja na analichua goti, akizungumza na goti lenyewe. Sindano alianza kula, akihesabu vijiko. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba, mtu alicheka huko nje, kicheko kirefu cha fundi, na hesabu ikampotea. Alitazama sahani. Akachota tena.

Ukutani juu ya jiko, kwenye msumari wa tatu, kijiko kilichotoka kuoshwa kilikuwa bado kinachuruzika. Tone moja liliangukia jiko la moto, likalia, likaisha. Jingine lilianza kujikusanya kwenye ncha.